Kikohozi cha Semisi

Semisi, fundi wa mashine za boti, ana vidole ambavyo Mungu alipoanza kuvifinyanga alikusudia vije kuwa ndizi, akaghairi katikati ya kazi. Kimoja kikishuka kwenye kompyuta kinabonyeza herufi nne, na ya tano inatetemeka kwa woga. Ndiyo maana siku aliyotangaza, kwenye duara la kava, kinywaji chetu cha mizizi kiletacho usingizi, kwamba amejiandikisha mjini Pangai kujifunza kutengeneza programu za simu, wanaume walicheka mpaka bakuli likapinduka. Kava ikatiririka nje, nguruwe wa mchungaji akainywa, akalala papo hapo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunika shuka.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Shule aliiachia darasa la nne, darasa ambalo alilipenda kiasi cha kulikaa mara tatu. Siku aliyotoka kwa mara ya mwisho, dada yake mkubwa, Toakase, alichukua nyundo akapigilia msumari kwenye ukuta wa sebule, kati ya picha ya harusi ya wazazi wao na picha ya babu yao, akasema mbele za watu kwamba pale ndipo kitakapotundikwa cheti cha Semisi, hata kikiwa cheti cha kuogesha nguruwe. Msumari ukakaa mtupu miaka thelathini na miwili. Ukuta umepakwa rangi mara sita na msumari ukapakwa pamoja nao. Na kila Semisi akimpelekea dada yake viazi vikuu, anauona kutokea mlangoni, maana ndani haingii.

Haingii kwa sababu ni kaka, na yule ni dada. Tangu walipokua hawajakaa chumba kimoja, hawajatazama sinema moja, na mambo ya nguo za ndani hayajawahi kupita kati yao hata kwa mafumbo. Semisi akifika kwenye lango la Toakase anakohoa. Wapo wanaopiga mluzi, wapo wanaojifanya kugombana na mbwa ili wasikike, Semisi anakohoa. Kikohozi chake hakina ndugu kisiwa kizima: kinaanzia chini kama mashine inayokataa kuwaka, kinasita, kisha kinawaka. Toakase akikisikia anajitengeneza, anasogeza asichotaka kionekane, halafu anajibu kutoka ndani, maneno yaleyale miaka yote: "Anayekohoa apite." Semisi anapita mpaka kizingitini, anaweka viazi, anauliza hali, anaondoka. Wamependana hivyo maisha yao yote, na kupendana kwao kunawashinda wengi wanaolala chumba kimoja.

Basi akaanza masomo. Kila Jumanne na Alhamisi alasiri alivuka kwa baiskeli ile njia ya mawe inayotoka kisiwani kwetu Foa kwenda kisiwa cha Lifuka, ulipo mji wa Pangai. Kuna Alhamisi upepo ulimkabili, akakanyaga saa nzima kwa nguvu zake zote, kutazama hivi yuko nyuma ya nyumba yake. Hili sikuhadithiwa. Nilikuwa naanika nguo, akapita kinyumenyume akanisalimia.

Mwalimu wao alikuwa binti mmoja wa Tongatapu, kisiwa kikuu, jina lake Heilala, mwenye miwani mikubwa na subira kubwa zaidi. Akawaambia mtu hajifunzi kuogelea kwa kusomewa habari za maji, kwa hiyo kila mmoja atengeneze programu ya watu kuonyeshana picha. Ina kila kitu, alisema: mlango wa kuwaingizia watu, ghala la kuhifadhia, na ukuta wa kutundikia. Ijumaa ya mwisho angemtembelea kila mwanafunzi nyumbani kwake. Atakayekutwa na watu ishirini, watu kweli wenye pumzi, walioifungua programu yake siku hiyo, atapewa cheti palepale. Atakayepungukiwa ataanza upya. Aliposema kuanza upya, Semisi alilowa jasho mpaka kiti kikateleza, maana darasa la nne lilimrudia lote kichwani.

Alisoma jinsi anavyotengeneza mashine. Asichokielewa alikifungua, akakipanga vipande, akakiangalia. Programu ikigoma, alitega sikio kwenye kompyuta kusikiliza inagongea wapi. Kwa vile vidole vyake ni vile, nilimpa kijiti changu cha kusukia mikeka, kile chembamba, akawa anadonoa nacho herufi mojamoja kama kuku. Miezi minne alidonoa. Mkewe, Lupe, alisema kuku wao wakawa wanakuja dirishani wakidhani wanaitwa kula.

Programu ikazaliwa, akaiita Mkeka, kwa kuwa watu wote huketi mkekani. Wiki ya kwanza tulikuwa thelathini na wanne. Mchungaji Maile alitundika kila sahani aliyokula. Kina mama wa nyumba ya kupondea magome, ambao mkuu wao ni Toakase, walitundika vitambaa vyao vya magome kabla havijakauka. Mimi nilitundika pweza niliyemkamata mwambani asubuhi moja. Kwenye picha anaonekana kama kiganja, lakini hiyo ni kwa sababu simu yangu ni ndogo. Mkono mmoja ulikuwa mlangoni kwangu na mwingine ulikuwa ukitafuta chumvi.

Sasa, Semisi aliwahurumia watu. Alidhani kila mtu ana vidole kama vyake, akasema kubonyezabonyeza ni mateso. Kwa hiyo Mkeka wake ulikuwa na kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza, unachukua wenyewe picha ya mwisho uliyoipiga, unaitundika juu kabisa, na zilizotangulia zinashuka hatua moja.

Jumatatu moja asubuhi Toakase alitundika picha yake akiwa na kofia mpya ya kanisani, nyeupe, pana kama paa la ghala. Dakika kumi baadaye Semisi, akiwa ameinama ndani ya boti na mafuta mpaka viwikoni, akataka kututundikia mashine aliyokuwa ameifungua. Akapiga picha. Akabonyeza kitufe. Ila ile picha ya mashine haikuwa imeshika, kidole kilikosea. Picha ya mwisho iliyokuwemo kwenye simu yake ilikuwa ile ambayo Lupe alimpiga Jumamosi ili kumtumia fundi cherehani wa Nuku'alofa vipimo vya koti. Semisi amesimama sebuleni, mikono ameitandaza, utepe wa kupimia umezunguka tumbo, na mwilini hana kitu isipokuwa chupi pana yenye mananasi.

Ikapanda juu kabisa. Ikakaa barabara juu ya kofia ya Toakase, miguu miwili ya Semisi kama imekanyaga ukingo wake.

Mimi niliiona kati ya wa kwanza. Sikumwambia mtu. Niliwaonyesha kumi na mmoja tu, na wote niliwaambia wasiseme. Halafu nikateremka mpaka botini.

"Semisi," nikamwita, "hivi lile nanasi la katikati mbona limekaa upande?"

"Nanasi gani, Bibi?"

"La kwenye chupi yako."

Akaitoa simu mfukoni, akaitazama. Akakaa chini taratibu ndani ya boti, na boti ikazama kidogo.

Aliifuta, lakini thelathini na watatu tulikuwa tumeshaiona, na mmoja wetu alikuwa Toakase. Kaka yake uchi kasoro mananasi, tena amemkalia kichwani, yeye ambaye kwa kuwa ni dada ana cheo juu ya kaka, na hata kwenye msiba wa mtu mkubwa huketishwa mbele ya wote.  Toakase aliilaza simu kifudifudi akaisukuma chini ya lundo la magome. Hakuizima, kwa sababu binti yake wa Auckland humpigia, lakini Mkeka hakuufungua tena. Na Toakase asipofungua, nani afungue? Kina mama wote waliziweka simu zao chini. Lupe, ambaye naye hupondea pale, alisema siku hiyo hakuna aliyeitaja ile picha hata kwa kikohozi, ila magome yalipondwa mpaka yakawa membamba kiasi cha kusomea Biblia upande wa pili. Waume wakafuata wake zao. Kufika Jumanne tulibaki sita: Semisi, Lupe, mchungaji, mimi, na wazee wawili ambao hawakujua jinsi ya kuondoka.

Na mwalimu Heilala alikuwa anakuja Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mtu mwingine angeenda kwa dada yake akaomba radhi. Semisi angesema nini? Kuomba radhi ya chupi ni lazima uitaje chupi. Lupe alijitolea kwenda kumsemea, akafika, akaketi, akaanza, "Wifi, kuhusu ile—" Toakase akamkaribisha mhogo. Akaanza tena, akakaribishwa tena. Lupe alirudi nyumbani ameshiba sana.

Semisi akasema kosa ni la mashine, na mashine ndiyo itengenezwe. Akafanya mawili. La kwanza, picha mpya zisipande juu, ziingie chini kabisa, kama mtu anayechelewa ukumbini anavyokaa karibu na mlango. Hilo likakubali. La pili, akajenga ukuta ndani ya programu: picha ya kaka isionekane kamwe na dada, wala ya dada na kaka. Ili mashine ijue nani ni nani, ikabidi aende nyumba kwa nyumba na daftari kuuliza mtu ana kaka gani na dada gani. Nyumba ya tatu tu walikuwa wameshaanza kugombana kuhusu harusi ya mwaka wa kimbunga. Aliandika siku nne. Jumapili ikamkuta hajamaliza, na Jumapili kwetu hata kuni hazipasuliwi. Akaenda kumuuliza mchungaji kama kudonoa herufi ni kazi. Mchungaji akafikiri sana, akaamua kwamba kuwaza si kazi ila kijiti ni kazi. Basi ibada nzima Semisi aliwaza, na kidole chake kikawa kinadonoa goti la jirani yake, ambaye alidhani anaitwa atoke nje, akatoka.

Jumatatu ukuta ukawa tayari. Lupe akazunguka kuwabembeleza watu waufungue Mkeka mara moja tu, waone. Watu wachache wakafungua.

Ukawa mweupe. Hakuna kitu.

Semisi alisahau jambo moja, na alilisahau kwa sababu analo kama sisi sote tulivyo nalo. Kwetu mtoto wa mjomba ni ndugu yako, mtoto wa shangazi ni ndugu yako, na mjukuu wa binamu wa bibi yako ni ndugu yako pia, na heshima ni ileile. Kijiji kizima ni kaka na dada. Mashine iliambiwa iwatenganishe, ikawatenganisha. Wanawake waliona wanawake wenzao wachache, wanaume hivyohivyo, na waliokuwa na ndugu wengi hawakuona hata nzi. Aliyeona kila kitu alikuwa mchungaji peke yake, kwa kuwa ni mtu wa Niuatoputapu, hana undugu na yeyote hapa. Watu wakaanza kupanga foleni kibarazani kwake kumuuliza binamu zao wamepika nini. Siku ya pili akachoka, akafunga simu kabatini. Tukabaki watano.

Jumanne jioni nilimkuta Semisi kwenye lango la Toakase na kikapu cha viazi vya kwanza vya msimu, maana vya kwanza ni vya dada, pawe na ugomvi au pasiwe. Akakohoa. Kikaanzia chini, kikasita, kikawaka. Ndani kukawa kimya. Tulimsikia Toakase akisogeza kitu, kisha akaacha kusogeza. Semisi akangoja. Kupitia mlangoni ukuta ulionekana, harusi, msumari, babu. Akaviweka viazi chini nje ya lango, akageuka. Uso wake ulikuwa ule wa darasa la nne, nakumbuka vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nauza maandazi nje ya shule.

Nikamwambia, "Umekohoa na amesikia. Hakukufukuza."

"Hakunikaribisha pia, Bibi."

"Mjukuu wangu, mwenye nyumba akisikia kikohozi ana hiari. Anaweza kusema pita, anaweza kunyamaza. Wewe hulali hapo langoni kuhesabu amenyamaza mara ngapi, unakwenda zako, na kesho unakohoa tena. Ule ukuta wako wa kwenye simu umempa nani hiari?"

 Semisi akachukua baiskeli, akaipanda, akasahau kukanyaga, akaanguka. Akainuka akakimbia na baiskeli begani.

Kesho yake aliubomoa ukuta wote. Badala yake akatengeneza hivi: picha ya kaka ikimfikia dada, au ya dada ikimfikia kaka, inakuja imefunikwa mkeka. Simu inakohoa. Ukitaka, unaugusa mkeka, unainuka, unatazama. Usipotaka, unapita, na aliyetuma hajui kama ulitazama au hukutazama. Na hakuna picha inayokwenda mpaka mwenyewe aione na kuikubali kwanza, hilo aliliandika kwa herufi kubwa na akaliombea. Kikohozi akatumia chake. Ili asiingiliwe na kelele za majogoo, alishuka ndani ya tangi la maji lililokauka, akakohoa mle na simu mkononi, na tangi likakohoa naye. Kilichotoka kilikuwa kama nyangumi aliyepaliwa na mhogo. Lupe akamwambia akirudie kidogokidogo. Akasema hapana, dada yake atakijua.

Alhamisi alikiingiza, na simu zote zilizokuwa na Mkeka zikapokea zenyewe bila mtu kujua. Hakutundika kitu siku hiyo. Alinyoosha shati.

Ijumaa saa nne asubuhi mwalimu Heilala alifika na daftari lake. Akaketi kibarazani kwa Semisi, akapewa nazi, akaomba kuona hesabu. Hesabu ikasema watano. Heilala akavua miwani akaifuta, akaivaa, akatazama tena, wakabaki walewale. Akasema kwa upole kwamba ana wanafunzi wengine wawili wa kutembelea, angesubiri mpaka amalize nazi. Nikaenda ndani nikamtafutia nazi kubwa kuliko zote za visiwa vyetu vya Ha'apai. Tuliibeba watu wanne.

Semisi akachukua kijiti. Picha aliyoichagua ilikuwa ya kile kikapu cha viazi, pale nje ya lango la Toakase, aliyoipiga kabla ya kuondoka Jumanne. Akaitazama mara tatu kuhakikisha ni viazi. Akanionyesha mimi, nikathibitisha ni viazi. Akabonyeza.

Kutoka kibarazani tulikuwa tukisikia nyumba ya kupondea, ko ko ko, nyundo kumi na mbili kwa pamoja. Yaliyotokea ndani alinisimulia Lupe. Chini ya lundo la magome kitu kikanguruma, kikasita, kikawaka, kikakohoa. Toakase alikuwa ameinua nyundo. Haikushuka. Wengine nao wakaacha, mmojammoja, mpaka kukawa kimya kabisa, na nyundo zikinyamaza ghafla hivyo kwetu watu hudhani kuna aliyefariki. Nje mbwa walisimama. Mzee mmoja akavua kofia kwa ajili ya marehemu asiyemjua.

Toakase alivuta simu kutoka chini ya magome. Akautazama ule mkeka uliofunika. Akakunja miguu vizuri, akavuta vazi lake likafunika magoti, kama afanyavyo siku zote, ijapokuwa mbele yake hapakuwa na mtu, palikuwa na simu tu.

"Anayekohoa apite," akasema.

Akaugusa mkeka. Akaona viazi. Lupe anasema alitazama sana, na mdomo wake ukafanya kazi kubwa kujizuia. Mwishowe akamwambia, "Wifi, mwambie mume wako viazi nilivila jana. Na mwambie safari hii amevaa vizuri."

Hapo ndipo nyumba ilipoanguka kwa kicheko. Kumi na wawili wote walicheka mpaka wakalala juu ya magome, wiki mbili za kicheko zilizokuwa zimefungiwa zikatoka kwa pamoja. Wakazitafuta simu zao. Kila aliyefungua akatundika kitu, nyundo yake, mguu wake, mwenzake anayelia kwa kucheka, na kila picha ikaenda kwa makaka, na simu za makaka zikakohoa. Zikakohoa mashambani, zikakohoa botini. Makaka nao wakajibu, na simu za kina mama zikakohoa. Kabatini kwa mchungaji hakukukohoa kitu, lakini alisikia majirani akafungua mwenyewe kwa wivu. Mbwa walibwekea mifuko ya watu. Nguruwe wa mchungaji, yule wa kava, akaamka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mwalimu Heilala aliweka nazi chini. Akauliza kwa sauti ndogo kama kijijini kuna ugonjwa.

"Upo," nikamwambia. "Tazama hesabu yako."

Ilikuwa kumi na tisa. Semisi alikuwa amefumba macho. Tukangoja. Kisha simu yangu nayo ikakohoa, ni kaka yangu wa Lotofoa, miaka themanini na mmoja, ametutundikia jino lake. Mzee huyo alikuwa hajaufungua Mkeka tangu ile Jumatatu. Ishirini. Mpaka Heilala anamaliza kuandika jina la Semisi kwenye cheti tulikuwa arobaini na mmoja.

Alasiri hiyo Semisi alikwenda langoni kwa dada yake amevaa shati lililonyooshwa, cheti amekishika kwa ncha za vidole kama yai. Akakohoa, na alikohoa vibaya, kikasita kisha kikakataa kuwaka. Akakaribishwa hivyohivyo. Alikiweka kizingitini pale viazi vinapowekwa, akauliza hali, akaambiwa hali njema, akaondoka. Hakugeuka nyuma. Lakini alitembea polepole sana, na alipofika barabarani akasikia kiti kikiburutwa sebuleni, kuelekea ukutani.

Mimi huenda pale mara kwa mara kukisoma cheti, yaani kukitazama, kusoma sijui. Ni kizuri, kimekaa sawasawa kati ya harusi na babu. Ile picha ya mananasi ninayo mimi kwenye simu yangu, niliihifadhi mapema kabla hajaifuta, isije ikapotea. Simwonyeshi mtu yeyote asipoomba. Na wengine huwa wanachelewa tu kuomba.